Mama Tochi: taa yake iliponya bega, ikamtoa mwenzake kazini

Saa mbili na robo asubuhi, mdomo wa kwanza wa siku ni wa fundi cherehani. Amelala kwenye kiti cha meno ambacho ngozi yake imeshonwa upya, macho kwenye dari, ulimi ukihangaika kutafuta pa kujificha.

Daktari wa meno ameinama juu yake. Kwenye paji la uso wa daktari kuna kiboksi kidogo cha alumini, kimefungwa kwa lastiki ya suruali. Kiboksi kinatoa mwanga mweupe, mwembamba, unaotua juu ya gego la chini na kuishia hapohapo. Machoni mwa fundi haufiki.

"Aaa-ee-oo," anasema fundi.

"Ukitaka kusema inua mkono, siyo ulimi," anamjibu mwanamke aliyesimama kushotoni mwa kiti. Mkono wake mmoja umeshika bomba la kufyonzea mate, wa pili unavuta shavu ili daktari apate nafasi.

Fundi anainua mkono. Bomba linatolewa.

"Nilikuwa nauliza kama mmemaliza."

"Hatujaanza."

Mwanamke huyo ni msaidizi wa daktari. Ana miaka arobaini na saba, na zahanati nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi watoto wanaolia kwenye benchi, humwita Mama Tochi. Jina hilo alilipata kwa jasho. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi yake kubwa ilikuwa moja tu, kumshikia daktari tochi.

Taa kubwa ya kiti ilikuwa imekufa kabla yeye hajaajiriwa. Kipuri chake kiliagizwa, kikasubiriwa, kikasahauliwa. Chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo jua nalo halina msaada.

Mwanga wa mdomoni una tabia zake. Ukitoka juu, kichwa cha daktari kinauzuia. Ukitoka pembeni, mkono wake unatia kivuli palepale anapotaka kuona. Hauna budi kutoka karibu na jicho lake. Ndiyo maana Mama Tochi alisimama kutwa mkono ukiwa juu, tochi imegusana na sikio la daktari.

"Mke wake anamjua kwa uso, mimi namjua kwa sikio," anasema. "Siku akisahau kulisafisha, wa kwanza kupata habari ni mimi."

Daktari anasikia yote hayo na hakanushi lolote.

Bega la kulia lilianza kugoma taratibu. Kwanza alishindwa kuanika nguo kwenye kamba, kisha akashindwa kujifunga kitambaa kichwani, ikabidi binti yake amfunge kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Kazini hakumwambia mtu.

"Ningesema bega linauma, wangetafuta bega lingine. Mabega ni mengi mjini."

Alizijaribu tochi za kichwani zinazouzwa sokoni, lakini mwanga wake ulisambaa kama maji yaliyomwagika, nusu ukaishia machoni mwa wagonjwa. Taa ya kiwandani iliyotengenezwa kwa kazi ya meno, daktari alipoiulizia, bei yake ilikaribia mshahara wa Mama Tochi wa mwaka mzima. Hapo ndipo alipomwendea shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi simu na ana kibanda kwenye kona ya mtaa wao.

Walichukua taa moja ndogo ya LED, wakaiwekea lenzi ya tochi ya mkononi, wakaipachika ndani ya kibomba ili mwanga ubanwe uwe na ukubwa wa mdomo wa mtu. Betri zilitoka kwenye kompyuta mbovu, zikatiwa kwenye kijaluba kinachokaa mfukoni mwa shati. Waya unapita mgongoni. Vyote kwa pamoja viligharimu chini ya mshahara wake wa siku tatu.

Ya kwanza ilimuunguza daktari.

"LED haichomi mbele, inachoma mgongoni," anaeleza shemeji bila haya yoyote. "Sasa mgongo wa taa ulikuwa kwenye paji la uso wa mtu. Alitoka na alama nyekundu, mapokezi wakamuuliza kama amegombana nyumbani."

Walitafuta kipande cha alumini ndani ya redio iliyokufa, chenye mapezi ya kutawanya joto, wakakibana nyuma ya taa na kuweka sponji katikati. Taa ikapoa. Daktari naye akapoa.

Siku walipotengeneza taa hiyo ya pili, shemeji alimwambia neno ambalo Mama Tochi alilicheka, na sasa halicheki tena. "Shemeji, unajua unachotengeneza? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Taa ikikaa kichwani kwa daktari, wewe wa kushika tochi utashika nini?"

Swali hilohilo lilikuja baada ya wiki chache kutoka kwa msimamizi wa zahanati, mtu mwenye kalamu mfukoni na jicho la kupunguza matumizi. Daktari ndiye aliyelijibu.

"Nilimwambia zamani tulikuwa na mikono mitatu kwenye kazi, wa nne ulishika tochi," anasema daktari. "Sasa ipo minne. Akimwondoa huyu itabaki miwili. Nikamwachia hesabu."

Mikono minne si mchezo. Zamani jino la nyuma lililooza liling'olewa kwa sababu kuliziba gizani, huku mate yakijaa, ilikuwa kubahatisha. Leo Mama Tochi anafyonza mate, anavuta shavu, anapokea chombo kimoja na kutoa kingine kabla daktari hajakiomba. Fundi cherehani wetu, kwa mfano, ataondoka na gego lake.

Bega nalo limetulia. Nguo anaanika mwenyewe. Habari hii ingeweza kuishia hapo, na msimulizi angependa iishie hapo, ila haikuishia.

Kuna kliniki ya binafsi upande wa pili wa mji. Daktari wake aliiona taa, akaipenda, akaagiza moja. Mama Tochi aliipeleka kwa mkono wake. Aliyempokea mlangoni alikuwa msaidizi wa huko, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili, ambaye wenzake humwita Kimya kwa sababu maneno yake ni ya kuhesabu. Alimpa kiti, akampa soda baridi, akasubiri amalize kumwonyesha daktari namna ya kuivaa. Walipoagana Kimya alisema, "Dada, umetuokoa mabega."

Miezi miwili baadaye Mama Tochi alirudi kubadilisha waya uliokatika. Kwenye kigoda cha Kimya palikuwa na dumu la maji.

"Nikauliza, Kimya yuko wapi? Daktari akaniambia kwa furaha kabisa, 'Mama, taa yako imenipunguzia mshahara mmoja.' Alidhani ananisifu."

Alitengeneza waya, akaondoka. Hakumwambia yule daktari kitu, na jambo hilo linamuuma hadi leo.

Alimtafuta Kimya, akamkuta nyumbani akifua nguo za watu. Akamweleza kwamba hakujua. Kimya alisikiliza akiwa amesimama kizingitini, mikono ikichuruzika povu, akasema, "Asante kwa kuja," na mlango ukafungwa.

"Niliona aibu," anasema Mama Tochi. "Siyo huzuni. Aibu."

Oda tatu zilizokuwapo alizisimamisha. Shemeji alilalamika kwamba biashara inakufa ikiwa bado inanyonya. Mama Tochi akatoa sharti, kwamba taa haitoki mpaka anayeshika tochi huko inakokwenda aje kwanza kusimama kando ya kiti chao, ajifunze kazi ya mkono uliokuwa umebeba tochi. Mteja mmoja alisema huo ni usumbufu, akaenda zake. Wawili wamekubali na wanasubiri zamu.

Wakati huo ukazuka ugonjwa mwingine. Zahanati ilipata dawa mpya ya kuzibia, ile yenye rangi ya jino, ambayo huwekwa ikiwa laini kisha hugandishwa kwa kutiwa mwanga wa buluu. Daktari aliichota, akainama, akanyoosha mkono, dawa ikawa jiwe kabla haijafika kwenye jino. Akachota nyingine, ikawa vilevile. Wakadhani imeisha muda. Mama Tochi akadhani jokofu limeharibika. Walitupa mrija mzima.

"Halafu nikakumbuka shule," anasema daktari. "Mwanga mweupe wa LED una buluu nyingi ndani yake. Taa yetu ilikuwa inagandisha dawa njiani. Nikajipiga kofi kwenye paji la uso, nikiwa nimesahau kwamba taa iko hapohapo."

Dawa ya ugonjwa huo ni kifuniko cha rangi ya chungwa, kinachoshushwa mbele ya taa wakati wa kuziba ili kuzuia buluu isipite. Mama Tochi alijaribu plastiki ya indiketa ya pikipiki, ikatia giza. Akajaribu chupa ya juisi, ikapitisha kila kitu. Mwishowe alikata jalada la rangi ya chungwa la faili la shule la binti yake, akalikunja mara mbili. Tone la dawa lililowekwa chini ya mwanga huo lilibaki laini, akilichoma kwa kijiti cha meno linabonyea. Binti alinunuliwa faili jipya, la kijani.

Alhamisi mchana, mwandishi akiwa chumbani humo, simu inaita. Mama Tochi anasugua makoleo kwenye beseni, kwa hiyo anaomba iwekwe kwenye spika. Ni daktari wa kliniki ya upande wa pili.

"Mama, habari za kazi? Taa ni nzuri, ila siku hizi dawa inaganda kwenye kisahani. Nasikia una kifuniko."

"Ninacho."

"Nitumie basi."

"Hakitumwi. Kitaletwa na Kimya, na Kimya atakuwa amerudi kazini."

Kwenye spika kunasikika feni ya huko ikizunguka.

"Kimya si tulishaachana naye?"

"Ninyi ndio mlioachana naye."

Mazungumzo yanavutana. Daktari yule si mtu mbaya, ni mtu anayelipa kodi ya pango. Anakiri kwamba mate yanamsumbua, kwamba mkono mmoja haumtoshi. Mwisho anasema, "Haya, mama, aje."

Simu inakatwa. Mwandishi anamuuliza Mama Tochi kama huko si kumbana mtu.

"Ni kumbana," anakubali. "Ulitaka nimwimbie?"

Na Kimya mwenyewe anajua?

Hapo Mama Tochi anaacha kusugua. "Hajui. Nitamtuma binti yangu kwake leo."

Jumatatu asubuhi Kimya yuko mlangoni, amevaa viatu vya kazini. Anasalimia wote. Kisha anamgeukia Mama Tochi, na kwa mtu wa jina lile anasema mengi.

"Asiyekuwepo na lake halipo. Mara ya kwanza mlipanga taa, hamkuniuliza. Mara hii mmepanga nirudi, hamkuniuliza tena. Kwa yule daktari sirudi, dada. Aliyenitoa kwa sababu ya taa, kesho atanitoa kwa sababu ya feni."

Daktari anajishughulisha na kabati ambalo halina shida yoyote.

"Lakini kazi naitaka," anaendelea Kimya. "Nifundishe. Msamaha sijaja nao."

"Sijauomba leo," anasema Mama Tochi. "Nawa mikono."

Wanafanya kazi hadi mchana. Kimya anajifunza kupitisha bomba chini ya ulimi bila kumtapisha mtu, kuvuta shavu kwa kidole, kutoa chombo mpini ukiwa mbele. Mtoto mmoja anamng'ata. Anamtazama tu mtoto, na mtoto mwenyewe anaachia.

Mgonjwa wa mwisho akishatoka, Mama Tochi anakausha mikono na kumwendea. Kifuniko cha yule daktari, anasema, ametuma kipelekwe asubuhi hii bila sharti, kwa kuwa meno ya watu hayana kosa. Halafu anasema, "Sasa nakuuliza. Unataka nini?"

Kimya hafikiri sana. Inaonekana amefikiri tangu siku ya dumu la maji.

"Taa. Iwe yangu, siyo ya daktari. Daktari ataivaa nikiwepo. Nikiondoka, niondoke nayo."

Shemeji, ambaye amekuja kuchukua betri za kuchaji, anaruka kama aliyepigwa shoti. "Shemeji, usikubali! Wenye pesa ni madaktari, wasaidizi watalipa na nini?"

"Kidogo kidogo," anajibu Mama Tochi. "Kama ulivyolipa wewe bati za kile kibanda chako."

Kuanzia sasa, anasema, taa zake zitauzwa kwa wanaoshika tochi, na kwa hao tu. Zahanati inayotaka mwanga imtunze mwenye mwanga. Wale wateja wawili wanaosubiri zamu atawaeleza mwenyewe hivyo, wakikataa wakatae.

Anafungua kabati, anatoa taa mpya yenye kifuniko chake cha rangi ya chungwa, na kumwekea Kimya mkononi. Kimya anaiwasha, anaizima, anavuta lastiki kuipima. Anaitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

Kesho ataanza kuzunguka kwenye zahanati za mji huu kutafuta daktari wa meno anayefanya kazi gizani.

"Wapo," anasema, na kuutundika mkoba begani.