Niambie Alichosema Daktari

Usiku ule nililala na nguo nilizorudi nazo kazini, hata viatu sikuvua. Mimi ni katibu wa baraza la ardhi la kata. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa. Mchana wake nilikuwa nimeandika uongo, nikijua ni uongo.

Shauri lilikuwa la Mama Neema, mjane ambaye ni kiziwi. Shemeji yake alilitaka shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Badala ya kuita mkalimani kama sheria inavyotaka, mwenyekiti alimwambia shemeji yuyo huyo amtafsirie. Mama Neema alisema kwa mikono kwamba shamba halitoki, mumewe kazikwa pale. Shemeji akatugeukia, akasema amekubali. Nami nikaandika: amekubali.

Pale barazani hakuna aliyejua kwamba naifahamu lugha ya alama. Nilifundishwa na dada yangu Zena, aliyekuwa kiziwi tangu utotoni. Tangu tumzike sikuwahi tena kuinua mikono kusema neno.

Basi nikalala, na Dada Zena akaja.

Alikuwa amekaa uani kwetu, anamsuka mtu ambaye sura yake sikuiona. Kazi yake ilikuwa ususi. Kama zamani, akitaka kusema anaziachia nywele, anasema, halafu anaurudia mstari wake. Nilimkimbilia nikimwita kwa sauti, nikidhani sasa anasikia, kwa kuwa watu husema wafu huko waendako hurudishiwa kila walichopungukiwa. Hakugeuka. Nikamgusa bega. Akanitazama, na mikono yake ikaniuliza nampigia kelele za nini, ilhali yeye ni yule yule.

Nikaona haya. Nikamwuliza, kwani huko hukuponywa?

Akacheka kimya kimya, mabega yakimtikisika. "Kwani nilikuwa naumwa ukiziwi?"

Pale alipokaa si uani tena. Ni benchi, lile benchi la hospitali lililochubuka rangi, na daktari yuko mbele yetu. Midomo yake inakwenda, na mimi peke yangu ndiye ninayesikia. Maneno ni yale yale ya siku ile: ugonjwa umefika mbali; kama ana watu wa kuwaaga, awaage. Siku ile mikono yangu ilimwambia kwamba daktari anasema utapona, unywe dawa tu. Alinishukuru. Alirudi nyumbani akapokea hata kazi ya kumsuka bibi harusi wa mwezi uliofuata. Mwezi huo hakuufikia.

Sasa, pale benchini, ananigeukia.

"Niambie alichosema daktari."

Nataka kuinua mikono, lakini imekuwa mizito kama blanketi lililolowa. Nageuza uso, na ninapougeuza tumo barazani. Wajumbe wamekaa. Shemeji wa Mama Neema amesimama, anasubiri. Dada Zena amekaa kwenye kiti cha Mama Neema, au ni Mama Neema aliyevaa kitenge cha Dada Zena, siwezi kuwatenga. Wote wananingoja. Hakuna hata mmoja aliyekasirika, na hilo ndilo linaloniuma.

Nikainua mikono. Nikamwambia dada yangu: alisema unakufa. Alisema uwaage watu wako.

Hakulia. Aliyatazama maneno yangu mpaka yakaisha. Kisha akanishika mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia alipokuwa hai, maana kwake kumshika mtu mikono ni kumziba mdomo. Akaiachia. Akasema polepole, kama alivyonifundisha nilipokuwa mdogo:

"Najua ulinihurumia. Lakini habari ile ilikuwa yangu."

Nilitaka kumwuliza angekwenda kumuaga nani. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye nywele za yule aliyekuwa akimsuka, na hakuitazama tena mikono yangu.

Niliamka mikono ikiwa hewani, juu ya shuka. Kulikuwa kumepambazuka. Nilinawa uso, nikaenda kwa mwenyekiti kabla ofisi haijafunguliwa. Nilimwambia kwamba nilichoandika jana sicho alichosema mjane, na kwamba sheria ya watu wenye ulemavu inampa haki ya mkalimani asiye na lake katika shauri. Akaniuliza nimejuaje alichosema. Nikamweleza. Akanikumbusha kwamba katibu anayeandika uongo anaweza kufukuzwa. Nilimwambia nalijua hilo.

Shauri liliahirishwa. Siku lilipoitwa tena alikuwepo mkalimani, mwalimu kutoka shule ya viziwi ya wilayani. Shemeji aliambiwa akae kwenye kiti chake kama mdai mwingine yeyote.

Kabla hawajaanza, Mama Neema alinitazama mimi. Nadhani alikuwa ameambiwa. Mikono yake ikaniuliza, taratibu:

"Siku ile ulikuwa unanielewa?"

Mkalimani akafungua kinywa ili awatafsirie wajumbe. Sikumngoja.

"Ndiyo," nikamjibu kwa mikono yangu, mbele ya watu wote. "Nilikuelewa neno kwa neno."

Alinikazia macho mpaka nikainamisha yangu. Kisha akamgeukia mkalimani, akaanza upya, na mimi nikaandika.