Bandeji Zilizosuuzwa Ziwani

Jua linachomoza, na nyuma ya dispensari ndogo ya Baraka, karibu na ziwa, moshi umekwisha kupanda. Mwanahamisi, mfuaji wa hapo ambaye wagonjwa humwita Mama Swedi, anakoroga sufuria la bandeji kwa mti mrefu. Maji yanatokota, naye haondoki.

"Mama Swedi, leo umepika nini?" anauliza mgonjwa aliyeegemea ukuta, mguu umefungwa kati ya mbao mbili.

"Nguo yako. We leta sahani."

Mgonjwa huyo ni Sebineza, mfuga ng'ombe wa Bibokoboko, juu milimani. Fahali alimsukuma kwenye mawe, mfupa wa muundi ukatoboa ngozi na kutokeza nje. Ndugu zake walimteremsha kwa kipoyi, machela ya miti, wakipokezana mabegani. Mwuguzi Fabien aliuosha mguu, akaurudisha mfupa mahali pake, akafunga.

Mwanzoni kidonda kilikwenda vizuri. Kisha kikaanza kutoa usaha wenye harufu ambayo Fabien hajapata kuinusa katika kazi yake yote. Penisilini haikufaa kitu. Usaha ukapelekwa Bukavu kupimwa.

Jibu lililetwa na daktari aliyekuwa akipita. Ni kijidudu kinachoonekana kwa nadra sana kwenye mfupa, alisema. Makao yake ni maji ya ziwa. Akaacha dawa nyingine. Kidonda kisipokauka, mguu utakatwa.

Watu waliduwaa. Ziwa? Hili tunalokunywa maji yake, tunaloogeshea watoto wachanga? Na Sebineza, mtu wa milimani, hajawahi kutia hata kidole ndani yake.

Ndipo Mwanahamisi akasema mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa. Tangu usichana amefundishwa kwamba damu ni najisi, na kufua nguo yenye damu humalizwa kwa maji mengi yanayotembea. Kwa hiyo kila siku, baada ya kuchemsha, alizibeba bandeji mpaka ufukweni, akazisuuza humo ziwani hadi povu liishe, ndipo akazianika.

"Zilikuwa nyeupe pe," anasema. "Mi nilijua ninazisafisha. Munganga, yule daktari, aliposema ziwa, nilikaa chini kwenye udongo, mbele ya watu."

Alikwenda kumweleza Sebineza yeye mwenyewe, kabla hajaambiwa na wengine. Sebineza aliusogeza ugali wake kando.

"Hukunitakia mubaya, mama," alisema. "Sasa zichemushe mwisho."

Siku hizi ziwa linatangulia na moto unamaliza. Bandeji zikitoka kwenye sufuria zinakwenda moja kwa moja kwenye kamba chini ya paa, na ole wake atakayezigusa. Bamama wa ufukweni wanamtania kwamba amekuwa kama paka, anaogopa maji. Anawajibu kwamba damu bado anaiacha kwao ziwani. Moto ni wa yule mutu wa mulima.

Asubuhi hii Fabien anafungua kidonda. Mwanahamisi amesimama mlangoni, midomo inacheza kwa dua. Usaha umepungua. Harufu haisikiki tena. Fabien hasemi kwamba mguu umepona. Anasema tu kwamba daktari atarudi, naye ndiye atakayeamua.

Mwanahamisi amekwisha kupanga yake. Siku Sebineza atakaporuhusiwa, atambebea mzigo hadi pale njia ya Bibokoboko inapoanza kupanda.

"Yeye atatangulia, mi nitafuata nyuma," anasema. "Nataka kuuona ule muguu ukikanyaga."