Siku Mke Wangu Aliponitafsiria kwa Dokta

Mi ni fundi wa nguo, na vitambaa havikosekani nyumbani kwangu. Njo maana niliweza kumdanganya mke wangu miaka mitatu. Kila tulipomaliza mambo ya chumbani, niliwahi kitambaa nikajifuta haraka haraka, na hakukuwa na kitu cha kujifuta. Raha ilikuja kama zamani, lakini maji ya uzazi hayakutoka hata tone. Niliona haya mpaka nikawa mkali. Ukinigusia habari za mtoto, nafoka.

Na bantu ba Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, habakuniuliza mi, balimuuliza yeye. Mama yangu alimpigia simu kutoka Uvira, kule Kongo, akamwambia atafute dawa, naye akanywa mizizi michungu mpaka akatapika. Mi nipo kwenye mashine yangu, nashona, kimya! Hiyo aibu ni yangu, siikatai.

Mi nina ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, na mwaka jana ilipanda sana, nikatumwa hospitali ya Lilongwe. Nilipanga kumnong'oneza dokta siri yangu kwa Kifaransa, ambacho mke wangu hakijui. Ee Mungu wangu! Dokta alijua Chichewa na Kiingereza tu. Na mkalimani wangu alikuwa nani? Mke wangu huyo huyo, ambaye Chichewa aliipata soko la Tsoka, akibishania bei ya vitenge.

Dokta akauliza kama sukari imenisumbua mambo ya ndoa. Mke wangu akanitafsiria, akacheka kidogo, akataka kumjibu hapana. Nikamshika mkono.

"Ngoja. Umwambie maji haitokake. Ata kidogo."

"Tangu wakati gani?" Hilo swali halikuwa la dokta, lilikuwa lake.

"Miaka tatu."

Dokta anatutazama, kalamu mkononi. Halafu mke wangu akavuta pumzi, akayasema yote kwa Chichewa, neno kwa neno. Nilitamani ile benchi inimeze.

Dokta hakushangaa. Alichora kibofu kwenye karatasi na kutuonyesha mlango wake. Wakati ule wa raha, alisema, mlango hufunga ili maji ya uzazi yatoke nje. Sukari ya miaka mingi inaweza kuharibu neva zinazoufunga, basi maji yanarudi nyuma, yanaingia kwenye kibofu, na mwanaume anayakojoa baadaye bila kujua. Mwili hauumii, ila mimba inakuwa ngumu kupatikana. Akaniambia nirudi wiki ijayo wapime mkojo wa baada ya tendo.

Wiki nzima mke wangu alinipikia nsima, ugali wa huku, akaniwekea, akaenda kula kwa jirani. Siku ya kurudi nikamwambia nitaenda peke yangu. Akajifunga kitenge.

"Utasema na nani kule? Chichewa yako ni zikomo tu, asante basi."

Tuliposhuka Old Town, pale Lilongwe, nikamwomba msamaha, katikati ya kelele za wauzaji.

"Ile mizizi," akasema, "ungekunywa na mi ata kikombe kimoja."

Nililia pale pale, mwanaume mzima, bantu banapita. Hakunibembeleza, lakini pia hakuondoka.

Hospitali wakanipa kikopo, nikafanya yangu chooni kwa aibu zote, tukangoja. Majibu yakaja: mbegu zimo kwenye mkojo, na nyingine zinaogelea! Dokta akaeleza kwamba kuna vidonge vinavyosaidia ule mlango kufunga. Kwa bamoja vinafanya kazi, kwa bengine hapana. Visipofaa, wako wataalamu wanaoweza kuzitoa mbegu kwenye mkojo na kumwekea mke. Sukari nayo lazima ishuke. Alisema wazi kwamba safari inaweza kuwa ndefu na hawezi kutuahidi mtoto. Mi nilisikia neno moja tu, kwamba zinaogelea.

Kisha akaninyooshea kalamu, akamwambia mke wangu aniulize kama nataka tuanze.

Mke wangu hakunigeukia. "Tikufuna," akamjibu, tunataka, na akavuta kiti chake karibu na changu.