Swali Nililoona Haya Kumuuliza Mkwe Wangu

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya Doha, Sista Mkuu, Mfilipino mfupi asiyependa mchezo, aliniweka kando ya mgonjwa nisikilize anavyouliza. Alimuuliza mzee wa Kinepali kama anatumia dawa za presha, za maumivu, mitishamba ya kwao, na za nguvu za kiume. Mimi nikawa naangalia sakafu.

"Ukimuuliza mtu kama anatumia dawa yoyote, atasema hapana," aliniambia tulipotoka. "Taja kitu chenyewe. Aibu yako iache nyumbani."

Nikajifunza. Baadaye, nilipokuwa nimesomea zaidi, nikawa miongoni mwa wauguzi wachache walioruhusiwa kupendekeza dawa, Daktari Mkuu akipitia na kutia sahihi. Ninyi wauguzi vijana mna kompyuta inayopiga kelele dawa mbili zikigombana. Sisi tulikuwa na mdomo tu. Tuliliita jambo hilo mwingiliano: dawa mbili, kila moja nzuri ikiwa peke yake, zikikutana mwilini zinaleta balaa. Nilikuwa hodari, na nilijua. Swali lile la nguvu za kiume niliwauliza Wahindi, Waarabu, Waganda, hata mchungaji wetu, bila kupepesa macho.

Kisha akaja Wanjala, dereva wa teksi aliyekaa mtaa wa Al Mansoura. Alikuwa mume wa Nekesa, binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea mwenyewe. Kwetu Bungoma mama mkwe na mkwe hawapeani hata mkono, sembuse kuzungumza mambo ya chumbani. Kifua kilikuwa kinambana akipanda ngazi. Ningeweza kumpeleka kwa muuguzi mwenzangu, ilikuwa ni kuvuka korido tu. Sikumpeleka. Nilitaka mkwe aone cheo changu.

Aliketi kiti cha mbali, macho chini. Nikauliza presha, nikauliza kisukari. Nilipofika pale penyewe, ulimi ukanifia.

"Kuna dawa nyingine yoyote, baba?"

"Hapana, Mama."

Nikashukuru Mungu kwa jibu hilo, wallahi. Nikapendekeza kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, kile kinacholegeza mishipa ya damu, wakati akisubiri kuonana na daktari wa moyo. Daktari Mkuu aliniamini, akatia sahihi.

Na nilijua kwamba Nekesa amefika kwa viza ya matembezi, baada ya kukaa mbali na mumewe muda mrefu. Mimi ndiye niliyewatafutia chumba chao wawili, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud! Wanjala, kwa hofu ya mwanamume aliyekaa peke yake mno, alikuwa tayari amepewa vidonge vya nguvu na dereva mwenzake, akawa anavimeza usiku. Asubuhi moja kifua kikabana, akaweka changu chini ya ulimi. Hivyo vya rafiki navyo hulegeza mishipa. Presha ikaporomoka, akaanguka mlangoni pa bafu. Nekesa alipiga simu ya ambulensi, kisha akanipigia mimi, akilia nimwokolee mume.

Alizindukia hospitalini. Daktari wa zamu alimuuliza swali lile, akajibu papo hapo, na taarifa ikatumwa kliniki kwetu.

Daktari Mkuu aliniita ofisini. Hakupaza sauti.

"Ulimuuliza?"

Nikasema sikumuuliza, nikaanza kumweleza mila zetu. Akavua miwani.

"Kwa hiyo angekufa kwa heshima," akasema.

Nilisimamishwa kupendekeza dawa kwa muda, na nilistahili. Niliporudishiwa ruhusa niliuliza kila mtu kila kitu, mpaka nikastaafu na kurudi Bungoma. Nanyi mnaoandika dawa leo, ndugu yako mpeleke kwa mwenzako. Ukishindwa, muulize hivyo hivyo, hata uso ukikuwaka moto.

Lakini si ofisi ile inayoniinamisha kichwa hadi leo. Wanjala alipopata nafuu alikuja kwangu na Nekesa. Alisimama mlangoni, ameshika kitenge kipya kwa mikono miwili, kama afanyavyo mkwe aliyekosa.

"Mama, nimekuvunjia heshima," akasema. "Mambo yangu ya ndani yamesemwa kazini kwako. Nisamehe."

Nekesa alinitazama. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba swali lile ilikuwa kazi yangu kuliuliza. Maneno ya kukiri niliyajua yote. Nikakipokea kitenge.

"Nimekusamehe, mwanangu," nikamwambia.