Aliyetangaza Kufeli Harusini

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi, Kikwajuni, nusu ya kidevu changu ikiwa bado na povu. Kinyozi aliusoma ujumbe kwenye simu yake kwa sauti: daktari wa mtaa wetu amefariki alfajiri, atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Mteja aliyekuwa akisubiri zamu akauliza ni daktari wa hospitali gani. Kinyozi akafikiri kidogo. "Si wa hospitali," akasema. "Wa hesabu." Tukasema inna lillahi, kisha yule mteja akauliza kwa upole kama hesabu nazo huugua. Marehemu angelikuwapo, angelicheka kuliko sote.

Alikuwa jirani yangu, binti wa muuza vitambaa, mkunga kwa kazi, mjane, na mwenye wajukuu tayari alipoamua kusomea shahada ya uzamivu ya takwimu za afya. Kliniki alikuwa akiwaona wajawazito wakija mara moja au mbili kisha wakatoweka, na ripoti zikaandikwa kana kwamba hawakuwahi kuzaliwa. Alitaka kujua namna ya kuwahesabu watu wasiokuja. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, hakufurahi. "Umri huu unakwenda skuli," alimwambia. "Watu watasema nyumbani hatuna kazi ya kukupa." Mimi alinieleza masharti yenyewe: masomo ya darasani, kisha mtihani mkuu wa nadharia, ambao ukianguka unarudia mara moja tu, na ukianguka tena umedisko, yaani umefukuzwa chuo. Ukivuka hapo kuna pendekezo la utafiti, makala katika jarida la kitaalamu, tasnifu, na mwisho kuitetea mbele ya watahini. Nikamwambia hata posa za kwetu hazina masharti mengi hivyo. "Na mwisho wake hupewi hata mume," akanijibu.

Mtihani mkuu ukamwangusha. Mji wetu huu mambo kama hayo huyafunika kawa. Mtoto akifeli, husemwa amepumzika. Yeye aliulizwa harusini, Jang'ombe, na bibi mmoja mpenda habari, naye akajibu huku sambusa ikiwa mkononi: "Nimefeli. Matokeo nshayaona, nitarudia." Kesho yake wanawake wakaja kumpa pole kama waendao matangani, wamejitanda, na chupa za chai mkononi, mmoja machozi tayari. Dada yake akatandika mikeka kwa fedheha. Marehemu akawakaribisha, akasema maadamu wamekuja, awaoneshe alipoanguka. Akachanganya mbaazi na maharage katika sufuria, akawataka wachote wakiwa wamefumba macho, kisha wakisie ndani kumebaki nini. Nilisikia kelele na vicheko kupitia ukutani, nikaenda kubisha hodi.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Kuna msiba," dada yake akanijibu mlangoni, "lakini umeharibika."

Ndani, yule aliyekuja na machozi alikuwa akigombana na mwenzake juu ya maharage. Walipokuwa wakiaga, mmoja alimuuliza marehemu kama haoni haya. "Mimi mkunga, bibi," akasema. "Mficha uchi hazai."

Alirudia mtihani, akapita. Makala nayo ikakataliwa na majarida, moja baada ya jingine. Hapo dada yake, aliyekuwa ameanza kuingiwa na uchungu wa jambo lenyewe, akanijia. "Weye si unaandika gazetini? Mtie mwenzio." Nikamweleza kwamba chuo kinataka jarida ambalo wataalamu huisoma kwanza makala na kuikagua. "Kwani yako haikaguliwi?" Nikakiri kwamba hukaguliwa tahajia. Akanitazama kwa huruma, akaenda zake. Makala ilikubaliwa baadaye, bila msaada wangu. Siku ya kutetea tasnifu dada huyo alikaa nyuma ya chumba, amevaa nguo ya Idi, bila kufahamu neno. Mtahini mmoja alipomkalia mdogo wake kwa swali refu, dada akasema kwa sauti iliyosikika na wote, "Mwacheni avute pumzi." Watahini wakacheka, marehemu akavuta pumzi, akajibu.

Baada ya maziko nilikwenda kuwapa mkono wafiwa. Kijana mmoja, sasa mwalimu wa chuo, alinisimulia kwamba marehemu alipokuja kuwafundisha chuoni, somo lake la kwanza lilikuwa alama aliyofelia, imeandikwa ubaoni. Yeye alipoanguka mtihani alikuwa amekwisha kufunga mizigo arudi kwao bila kuaga mtu, ndipo alipokumbuka alama ile, akaenda kumwona. Dada mtu alikuwa akitusikiliza. "Nilimwambia afiche," akasema. "Angelinisikiliza, kijana huyu asingelirudia mtihani."

Naamini wengi wanaoacha masomo hawashindwi na hesabu. Hushindwa na njia ya kurudi nyumbani, maana kila mlango una macho. Masharti ya chuo ni kazi ya chuo. Macho hayo ni yetu. Mtoto akija na kusema nimefeli, tumpakulie wali kama jana, kisha tumuulize atarudia lini.