Aliwatoa wapigaji kumi na wawili, sasa debe la mahindi linamshinda

Saa moja kasoro asubuhi, baridi ya Matai, mkoani Rukwa, inamtoa kila mtu moshi mdomoni. Mashine ya kusaga imeshawashwa, na mama mmoja anasogeza debe la mahindi mbele ya Albina Sichalwe.

Albina haliinui. Anapiga goti polepole, mkono mmoja umeshika ukuta, anachota kwa kopo la sado na kumimina kwenye mdomo wa mashine. Anachota tena. Foleni inaanza kuguna.

"Dada, mpaka tuzeekee hapa?" mtu anauliza.

"Samahani, mama," anajibu bila kugeuka. Kugeuka nako kunauma.

Ana miaka 26. Mwezi Julai mwaka jana alikuwa Windhoek, Namibia, na timu ya taifa ya wanawake ya kriketi, katika mfululizo wa mechi tano dhidi ya wenyeji. Yeye ndiye aliyekuwa mrushaji wa kasi, anayekuja mbio na kumrushia mpigaji mpira ili amtoe mchezoni. Aliwatoa wapigaji kumi na wawili, na hakuna mrushaji wa upande wowote aliyemfikia.

Matai hawana habari hiyo. "Nikisema kriketi wananikodolea macho," anasema. "Basi nawaambia nilikuwa nacheza rede, ila ya kuvaa suruali."

Alizaliwa Mwazye, kwa wakulima wa mahindi na ulezi. Sekondari alirusha mkuki, akafika mashindano ya taifa ya shule. Huko ndiko alikoonwa na kocha wa kriketi, Mwalimu Atusaye, aliyempa mpira mgumu mwekundu na kumwambia akimbie vilevile, ila asikunje kiwiko.

Miaka mitatu alikuwa mchezaji wa akiba, akiwapelekea wenzake maji uwanjani. Windhoek ilikuwa safari yake ya kwanza kuanza mechi.

Mechi ya kwanza alitoa wawili. Ya pili, watatu. Ni katika hiyo ya pili, alipotua kwa mguu wa kushoto ili aachie mpira, alipohisi kitu mgongoni, chini, upande wa kushoto.

"Kama msumari," anasema. "Nikarudi kuanza kukimbia tena. Nilijua nikisema, kesho anaingia mwingine, na mimi narudi kwenye maji."

Hakusema. Kila asubuhi alipoulizwa hali, alijibu poa. Vidonge vya maumivu alinunua mwenyewe. Aliyejua ni Janeth tu, mwenzake wa chumbani, ambaye alimfunga kanga kiunoni kwa nguvu na kumfungia kamba za viatu.

"Janeth alilia. Akasema, 'Albina, mimi namwambia mwalimu.' Nikamwambia ukisema, undugu wetu umekwisha."

Mechi ya tatu alitoa mmoja, ya nne wawili. Ya tano, timu zikiwa zimeshinda mbili mbili, alitoa wanne, watatu kati yao kwa mipira sita tu. Wenzake walimbeba juu.

"Waliponiinua nilipiga kelele. Wakadhani ni furaha."

Kesho yake Janeth alimviringisha kitandani ili aweze kusimama. Kocha aliambiwa ni uchovu.

Mama yake, Bi. Cornelia, anakumbuka siku aliyorudi Mwazye. "Alituambia wameshinda, nikapiga vigelegele. Halafu nikamtazama anavyotoka kwenye gari. Mwanangu anatembea kama mimi."

Picha zilizopigwa Mbeya zilionyesha mfupa wa mgongo umepasuka pande zote mbili na pingili moja imeteleza mbele. Daktari alimuuliza maumivu yalianza lini. Alipomjibu, daktari akamwambia kwamba angepumzika siku ile, miezi michache ingetosha. Sasa upasuaji unaweza kumsaidia kutembea vizuri. Kurusha mpira, hapana.

"Angenigombeza ningepata nafuu," Albina anasema. "Sina hata wa kumlaumu. Ni mimi."

Mwenye mashine, Meshack, anamlipa shilingi 4,000 kwa siku na anasema hana ubaya naye. "Lakini mavuno yakija wateja ni wengi. Nitatafuta mwenye nguvu."

Wiki mbili zilizopita simu iliita akiwa kazini. Alikuwa Mwalimu Atusaye: kambi ya timu inafunguliwa Dar es Salaam mwezi ujao, na jina lake ni la kwanza.

"Akaniuliza, 'Uko fiti?' Nikasema, 'Niko fiti, mwalimu.' Sijui kwa nini. Mdomo ulijibu wenyewe."

Tangu hapo ameshika simu mara nyingi, akaiweka chini. Ndiyo maana amekubali kuongea na gazeti. Anachotumaini ni kwamba kocha atasoma kabla hajamkatia tiketi ya basi, na nafasi yake apewe msichana anayepeleka maji sasa.

"Andika jina langu lote, na Mwazye uiweke," anasema, akiinamia debe jingine. "Asije akadhani ni Albina mwingine."