Neno Lililotutangulia Newala

Wenzangu wa Muheza mmeniuliza mara nyingi nilikwenda kufanya nini huko kusini, na imekuwaje nikarudi nimekonda lakini nacheka. Nilikwenda kikazi. Nilipoacha ualimu nilipokewa kuwa mwanagenzi katika chama kidogo cha Dar es Salaam, kisicho cha biashara wala cha siasa, ambacho kazi yake ilikuwa kuwaeleza raia mambo ya mataifa: wakubwa wa dunia wanakutana wapi, wanasemaje, na nchi yetu inatajwa vipi. Wanagenzi tulikuwa wawili, mimi na Yusufu, Mmakua wa Lulindi. Juu yetu alikuwa katibu, Bwana Titus, mtu mwema aliyefunga tai hata juani, na aliyependa maneno makubwa kama mtoto anavyopenda muwa. Tulitumwa Masasi na Newala kueleza kwamba Mwingereza hakupewa Tanganyika iwe mali yake, bali anaiangalia kwa niaba ya mataifa. Jambo jepesi, tulidhani.

Hadi Lindi tulikwenda kwa meli. Sina la kuisifu, maana nilichokiona zaidi ni ndoo. Yusufu alikula wali wake na wangu, akaniambia watu wa milimani tusichezee maji.

Kutoka Lindi tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja, mimi mbele kwa dereva, wanaume juu ya magunia. Tulipofika upande wa Chiwata gurudumu likapasuka, tukakaa kando ya barabara tukila mihogo ya kuchoma tuliyouziwa na wakulima wa hapo. Jioni ile niliiona milima ya mawe ya Masasi, imesimama kila mmoja peke yake, kama watu waliogombana. Nilifurahi kuiona kwa sababu maana yake ni kwamba tungeteremka.

Masasi tulipokewa vizuri na watu wakajaa uwanjani. Bwana Titus alitundika ramani ya dunia, akakohoa, akasema kwa sauti ya mimbarini: "Ndugu zangu, nchi yenu iko chini ya udhamini wa mataifa!"

Mzee mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono. "Bwana, mshitakiwa ni nani?"

Watu wakacheka, na Bwana Titus naye akacheka, akijua ni utani tu. Akaendelea na udhamini wake mpaka jua likageuka. Mimi pia nilicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mtu wa kawaida analisikia wapi neno hilo. Analisikia barazani penye kesi, ndugu yake akikamatwa: anakwenda kumdhamini, anaweka dhamana, na mambo yakiharibika dhamana inachukuliwa.

Lori la Newala lilichelewa, tukakaa Masasi tukingoja. Sisi tulikaa, lakini neno halikukaa. Lilipanda na wauza mihogo, likapanda na watu waliotoka kuzika, na njiani kila aliyelibeba aliliongezea kidogo.

Barabara ya Newala ni mchanga mwekundu, nayo inapanda. Juu kabisa kuna ubaridi na upepo, na pande zote mikorosho ilikuwa imeanza kuchanua, harufu yake tamu ikiingia hadi ndani ya lori. Ukisimama ukingoni unaona bonde lote la Ruvuma chini, na ng'ambo yake nchi ya Mreno. Uzuri wa Newala una kasoro moja, maji. Yako chini ya genge, ule ukingo mkali wa mlima, na wanawake huyafuata alfajiri kwa miguu na kupanda nayo kichwani. Mgeni akipewa maji ya kunawa huko ajue amependwa.

Bwana Titus na Yusufu walilala kwa mwalimu mmoja. Mimi nilipangiwa kwa Mama Sefu, Mmakonde, Mwislamu, ambaye mwanawe Sefu alikuwa ametoka jandoni mwaka uliopita; shangazi yake Yusufu ndiye aliyemwomba anipokee.

"Shikamoo, Mama Sefu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, ila nyumba yenyewe ndiyo hii."

Nikatazama. Mikeka ilikuwa imekunjwa na kufungwa kamba. Vinu vimelazwa. Mitungi yote ilikuwa imepinduliwa, midomo chini, mikavu.

"Mwanangu, usinione mchoyo," akasema. "Nani anateremka genge kufuata maji ya nyumba anayoihama?"

Nikamuuliza wanahamia wapi.

"Pwani. Popote. Tumesikia nchi hii imewekwa dhamana kwa mataifa. Na Mreno si taifa? Siku akija kudai fungu lake, sisi ndio fungu lenyewe. Baba Sefu alitutoa huko ng'ambo kwa Mreno usiku tukiacha chakula jikoni, maana kazi za lazima zilimuua kaka yake. Harudi mikononi mwao."

Baba Sefu alikuwa nyuma ya nyumba, amesimama katikati ya mikorosho yake. Alikuwa ameipanda alipofika, na mwaka ule ndio kwanza ilikuwa inachanua. Alikuwa anashika tawi moja, anaachia, anashika jingine. Waondoke baada ya mkutano wetu, ndivyo walivyokubaliana, wasikie kwanza kwa masikio yao. Na nyumba za jirani zilikuwa zinawangoja wao.

Asubuhi nilimkimbilia Bwana Titus, nikamweleza yote, nikamsihi aliache lile neno.

"Agnes," akasema akikaza tai, "neno si langu. Ni la serikali. Bwana shauri wa wilaya ametupa ruhusa ya mkutano mmoja tu, na tarishi wake atakuwepo anasikiliza. Nikilibadili atauliza kwa nini."

"Nyumba zitahama, Bwana!"

"Nitalieleza polepole."

Alilieleza polepole, na hilo likawa baya zaidi. Kila alipotamka "udhamini" nilimwona mtu akiinuka na kukung'uta nguo. Yusufu alitafsiri kwa Kimakonde chake cha Lulindi, jasho likimtoka. Baba Sefu akainuka. Kazi yangu mkutanoni ilikuwa kushika ramani isipeperuke, wala sikupewa kusema. Lakini nilipomwona anageuza mgongo, ramani nikaiachia.

"Mama Sefu!" nikaita. "Sefu alipoingia jandoni mwaka jana, ulimuuza?"

Uwanja mzima ukageuka. Mama Sefu akashika kiuno. "Nimuuze mwanangu! Una wazimu, mwalimu?"

"Ulimweka dhamana?"

"Dhamana ya nini? Alikuwa na mlezi wake huko."

"Huyo mlezi, Sefu alikuwa mali yake?"

"Mali yake kwa lipi? Alimwangalia tu. Mtoto alitoka, nikampokea kwa vigelegele, mlezi nikampa kuku, akaenda kwake."

"Basi ni hivyo," nikasema. "Mwingereza ni mlezi. Mataifa ni wazee waliomwambia mtazame huyu. Hakuna aliyeuzwa, hakuna deni, na Mreno hana fungu hapa."

Yusufu hakungoja kumaliza kutafsiri, alicheka katikati. Kicheko kikaenda hadi nyuma. Baba Sefu alikaa chini, pale pale mchangani, akajifuta uso kwa kofia yake. Nilitamani na mimi nikae.

Ndipo Mama Sefu akapaza sauti tena.

"Sawa, mwalimu. Siku ya kutoka ni lini?"

Bwana Titus akapatwa na kikohozi. Tarishi wa boma akaanza kutazama mikorosho. Nikasema kweli, kwamba siku haijatajwa.

"Jando lisilo na siku ya kutoka!" akasema, na wanawake wakapiga makofi. "Basi kawaulize hao wazee wa mataifa. Waambie mama yuko njiani anangoja."

Alfajiri ya kesho yake niliamshwa na kelele za wasichana waliokuwa wanateremka gengeni. Nikatoka nje. Mitungi haikuwepo. Waliporudi, Mama Sefu alinimiminia maji kwa kata, maji baridi ya kunawa uso. Nililia kidogo, akanambia nisiyapoteze.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi. Bwana Titus alininunia hadi Masasi. Masasi akafungua tai. Lindi akaniomba nimwelezee tena vizuri lile la mlezi na kuku, maana atalihitaji kwingineko. Melini nilitapika kama kawaida, lakini safari hii nikiwa na amani.

Nilichojifunza ni hiki: neno likipandishwa mlimani uulizie kwanza linajulikana huko kwa kazi gani. Jingine nililijifunza siku ya kuondoka, nikiwa tayari kwenye lori. Mama Sefu alikuja mbio akiwa na tetea mweupe kwapani. Nikanyoosha mikono kupokea, nikisema asante.

Akarudi nyuma hatua moja. "Si wako huyu, mwalimu," akasema. "Nimekuja uone tu, ukawaambie wale wazee wa mataifa. Huyu ni wa mlezi, namfuga."